Mwandishi Asiye na Kibanda

Birere ni jina la mtaani kuliko la ofisini. Ndilo eneo la biashara la Goma lililoegemea mpaka wa Rwanda, jirani na kituo cha Petite Barrière, njia ya makumi ya maelfu ya watu wanaovuka kati ya Goma na Gisenyi wakiwa na nyanya, unga, mitumba na mafuta ya kupikia. Katikati ya vurugu hiyo kuna biashara isiyopiga kelele: vibanda vya kuchapa. Meza, kompyuta moja au mbili, mashine ya fotokopi, na watu wanaosubiri wakiwa na karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Huyu ana barua ya kuomba kazi, yule ana mkataba wa nyumba, mwingine ana katiba ya chama au TFC, ile kazi ya utafiti ambayo vizazi vya wanafunzi wa Kongo wamehitimu nayo.

Mteja husimama nyuma ya mchapaji na kufuata maneno yake kwenye kioo. "Mama, hapa uliandika saba ao moja?" mchapaji huuliza bila kugeuza shingo. Kosa likionekana hurekebishwa papo hapo. Feza hutolewa karatasi ikishatoka kwenye mashine, ikiwa bado na joto. Na hata mteja akifika nyumbani ndipo agundue kwamba jina la baba yake limekosewa, kesho asubuhi kibanda kipo palepale, na muuza unga wa pembeni anamjua mwenye kibanda mpaka mtaa anaolala.

Kila kinachomfanya mtu amwamini mchapaji wa Birere kimo katika picha hiyo: sura, mahali, majirani, na malipo yanayongoja kazi ionekane. Mtu huyohuyo akifungua simu na kuagiza maandishi kwenye tovuti, hivyo vyote vinne hutoweka kwa mara moja. Ndiyo maana swali la kama huduma ya uandishi ya mtandaoni inaaminika halijibiwi kwa kutazama uzuri wa tovuti. Linajibiwa kwa kutafuta kile kinachoshika nafasi ya kibanda. Mambo yakiharibika, mteja ataenda kudai wapi, kwa nani, na kwa nguvu gani?

Goma ina sababu nyingi za kununua maandishi. Ni mji wa vyuo: Université de Goma, ULPGL, ISIG na vingine. Ni mji wa mashirika ya misaada, yaliyoanza kujazana wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Julai 1994, na ambayo nafasi zake za kazi hudai Kifaransa kizuri na mara nyingi Kiingereza juu yake. Ni mji pia wa vyama vidogo visivyo vya faida, vinavyoundwa chini ya sheria nambari 004/2001 ya 20 Julai 2001. Mama anayeongoza chama cha wauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, anaelewa shida ya wenzake kuliko mtaalamu yeyote wa kutoka nje, lakini ili apate ufadhili anatakiwa kuieleza katika lugha asiyoitumia sokoni wala nyumbani. Anapotafuta wa kumwandikia, hana hila yoyote. Anatafuta daraja.

Jambo hili lisemwe mapema, kwa sababu "huduma ya uandishi" ni jina moja lililofunika biashara mbili. Kuna kuchapa, kutafsiri, kusahihisha lugha, kupanga wasifu wa kazi, kuandika ombi la mradi kwa niaba ya chama. Hizo ni kazi halali, za zamani, na mnunuzi anaweza kuzitaja mbele ya mtu yeyote. Halafu kuna kuandikiwa insha au tasnifu nzima ambayo mwanafunzi ataipeleka chuoni kama yake. Tovuti nyingi huuza vyote viwili kwenye ukurasa mmoja, na mchanganyiko huo humpotosha mnunuzi, kwani hatari za upande mmoja si za upande wa pili.

Biashara hiyo ya pili ina mizizi Afrika Mashariki kwenyewe. Septemba 2019 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi kuhusu vijana wa Kenya wanaoishi kwa kuwaandikia kazi wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Mwaka 2024 ilitoka filamu ya Eloise King, The Shadow Scholars, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, akikutana jijini Nairobi na waandishi hao wasioonekana. Wengi wao ni wasomi kamili waliokosa ajira. Kwenye tovuti lakini hujitokeza kwa majina na picha za watu wengine, kwa kuwa soko linataka kuamini kwamba mwandishi yuko Ulaya au Marekani.

Kwa mnunuzi wa Goma, funzo la Nairobi halihusu uwezo wa waandishi. Wanaweza, na huenda wakawa bora kuliko wale ambao picha zao zimebandikwa. Linahusu muundo wenyewe: mteja hamjui anayemwandikia, mwandishi hamjui anayemwandikia, na aliye katikati anawajua wote wawili na ndiye anayeshika pesa. Waandishi nao hulalamika kuhusu malipo yaliyozuiwa na akaunti zilizofungwa bila maelezo. Palipo na ukuta kama huo, mwandishi mwaminifu kabisa hana njia ya kumsaidia mteja aliyeonewa.

Sasa tuzitazame alama ambazo watu huzitegemea. Ya kwanza ni sifa za wengine: nyota, maoni, na watu maarufu wanaosema wameitumia. Mwaka 2018 BBC ilionyesha jinsi huduma ya EduBirdie, yenye makao Ukraine, ilivyotangazwa na chaneli zaidi ya 250 za YouTube, katika video zaidi ya 1,400. Kijana aliyependwa kwa vichekesho au michezo ya kompyuta alikatiza kipindi chake kidogo, akasema kuna mahali unaandikiwa insha, akaendelea. Alikuwa amelipwa. Mtazamaji aliyempenda aliupokea ushauri huo kama wa rafiki.

Nyota nazo zina soko lake. Maoni bandia yamekuwa bidhaa kiasi kwamba Oktoba 2024 ilianza kutumika nchini Marekani kanuni inayokataza kuyauza na kuyanunua. Hii haina maana kwamba maoni yote ni takataka. Yanatakiwa kusomwa kinyume na desturi: yapite yale ya nyota tano, tulia kwenye yale ya nyota mbili na tatu, na usitafute hasira bali utaratibu. Mteja alipodai kurudishiwa pesa, alijibiwa na nani? Alirudishiwa pesa halisi, au alipewa punguzo la kununulia kazi nyingine mahali palepale? Malalamiko kumi yanayosimulia kisa kilekile cha punguzo ni ushahidi mzito kuliko sifa mia zilizoandikwa katika wiki moja.

Alama ya pili ni umri. Tovuti nyingi hujitangaza kuwa na uzoefu wa miaka 10 au 15, na hili ni rahisi sana kulichunguza, tena bure. Kila jina la tovuti lina tarehe ya kusajiliwa, na ICANN, taasisi inayosimamia majina hayo duniani, ina ukurasa ambapo yeyote anaweza kuitazama. Tangu kanuni za Ulaya za kulinda taarifa binafsi zilipoanza mwaka 2018, jina la mwenye tovuti mara nyingi limefichwa, ila tarehe huonekana. Jina lililosajiliwa miezi minane iliyopita haliwezi kubeba uzoefu wa miaka 15. Kumbukumbu ya Internet Archive huongeza jambo jingine: huonyesha tovuti ilivyokuwa zamani, na mara nyingine mtu hukuta kwamba anwani inayouza insha leo ilikuwa ikiuza viatu mwaka juzi.

Ya tatu ni anwani, na hapa mtu wa Birere tayari ana jicho zuri. Duka lililosajiliwa Kongo huweka nambari zake kwenye muhuri na ankara: RCCM, Id. Nat. na nambari ya kodi. Daftari la RCCM linatokana na mfumo wa sheria za biashara wa OHADA, ambao Kongo iliingia Septemba 2012. Muuzaji akikataa kutoa ankara yenye nambari hizo, mnunuzi huelewa bila kuelezwa. Jicho hilohilo lielekezwe kwa tovuti inayosema iko London. Daftari la makampuni la Uingereza, Companies House, liko wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti: jina, wakurugenzi, tarehe ya kuanzishwa, hesabu za mwaka. Kwa miaka mingi daftari hilo lilipokea taarifa bila kuzikagua sana, na mamia ya kampuni zikasajiliwa kwenye anwani moja. Sheria ikakazwa, na kuanzia 4 Machi 2024 sanduku la posta halikubaliki tena kuwa anwani rasmi. Kukuta jina la kampuni kwenye daftari hakuthibitishi uaminifu. Kulikosa kabisa, wakati tovuti imeandika London kwa herufi kubwa, kunathibitisha uongo.

Kufuli dogo ambalo baadhi ya vivinjari huonyesha pembeni mwa anwani ya tovuti huwapoteza wengi. Linasema tu kwamba mazungumzo kati ya simu na tovuti yamefichwa, mtu wa tatu asiyasikilize. Kuhusu anayezungumza upande wa pili, halisemi lolote. Tapeli naye ana kufuli.

Alama hizi zote husaidia kuwachuja waongo wavivu. Mwongo mwenye bidii atazipita, na ndipo linapokuja jambo lenye uzito kuliko yote, yaani pesa zinapita njia gani. Duniani, mnunuzi wa mtandaoni analindwa zaidi na njia ya malipo kuliko na polisi. Anayelipa kwa kadi ya benki anaweza kuiomba benki irudishe malipo asipopata alichonunua, kwa kawaida ndani ya siku 120. PayPal hutoa siku 180 za kufungua malalamiko. Majukwaa ya kazi kama Upwork huweza kushika pesa za mteja kando, zisimfikie mwandishi mpaka kazi ipokelewe. Hayo ndiyo majirani wa kibanda katika sura nyingine: kuna mtu wa tatu, asiye mnunuzi wala muuzaji, mwenye uwezo wa kuzuia pesa.

Goma ya leo haina sehemu kubwa ya ulinzi huo. Mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na mahakama za serikali ziliacha kufanya kazi. Watu waliegemea M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na wapo waliolazimika kuvuka hadi Gisenyi kutafuta benki. Pesa za simu zimeuokoa mji huu, hilo halina ubishi. Lakini zikishatumwa kwa hiari ya mwenyewe, zimekwenda. Aliyezipokea anaweza kuzitoa kwa wakala dakika tano baadaye, na kampuni ya simu haina ahadi ya kuhukumu kama insha iliyonunuliwa ilikuwa nzuri au mbaya. Kwa hiyo muuzaji wa maandishi anayejitambulisha kama kampuni ya kimataifa, kisha anataka malipo yote kabla ya kazi, kwa nambari ya simu yenye jina la mtu binafsi, amekwisha kujieleza. Hapo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe liko nchi nyingine.

Sheria ipo, kwa maandishi. Kongo ilipata Kanuni ya Dijitali kwa amri-sheria nambari 23/010 ya 13 Machi 2023, inayogusa biashara ya mtandaoni, taarifa binafsi na uhalifu wa mitandao. Ni hatua ya maana. Mkono wake, hata hivyo, haufiki kirahisi kwa tovuti isiyo na ofisi Kinshasa, na ndani ya Goma hata mahali pa kupeleka kesi pamekuwa tatizo. Mnunuzi wa Birere ana haki ya kujua kwamba, kwa sasa, kinga yake ni ile anayoipanga mwenyewe kabla ya kutuma pesa.

Na kwa yule anayenunua tasnifu ili aitie jina lake, hata kinga hiyo haipo. Hapa uchunguzi wote wa nyota, tarehe na anwani hugonga mwamba. Mtu aliyeibiwa hupata nafuu kwa kusema hadharani kwamba ameibiwa. Mwanafunzi huyu hawezi kusema. Akilalamika benki, lazima aeleze alichonunua. Akilalamika chuoni, amejishtaki. Muuzaji anajua hivyo tangu siku ya kwanza. Vyombo vinavyosimamia ubora wa elimu ya juu Uingereza na Australia vimeonya mara kadhaa kuhusu wanafunzi wanaotishwa: lipa tena, la sivyo chuo chako kitapata ujumbe. Wakati wa kuagiza, mwanafunzi alikwisha kuandika jina lake, chuo chake na kichwa cha kazi yake. Silaha aliitoa mwenyewe.

Nchi kadhaa zimeamua kuwabana wauzaji. Ireland ilitunga sheria mwaka 2019. Australia ilifuata mwaka 2020, adhabu ikifika kifungo cha miaka miwili, baada ya kashfa ya MyMaster ya mwaka 2014 kufichua tovuti ya lugha ya Kichina iliyokuwa ikiwauzia kazi wanafunzi wa vyuo vikuu vyake. Uingereza ikapitisha yake Aprili 2022, nayo inafanya kazi katika eneo la England. Tokeo moja la sheria hizo linamgusa mtu wa Afrika ya Kati moja kwa moja: muuzaji aliyekatazwa kutangaza kule hafungi duka siku hiyohiyo, hutafuta wateja kwingine, penye wanafunzi wengi na sheria isiyomtaja. Tangazo la "msaada wa tasnifu" linaloibuka kwenye simu ya mwanafunzi wa Goma huenda limefika hapo kwa njia hiyo.

Tamaa ya ajira ina mtego wake pia, na inastahili kutajwa kwa sababu Goma imeumizwa nayo sana. Wapo wanaouza wasifu wa kazi "uliohakikishwa" kupita katika mashirika makubwa. Hakuna mwandishi anayeweza kuhakikisha hilo. Umoja wa Mataifa umekuwa ukitangaza wazi kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Anayeunganisha bei ya wasifu na ahadi ya nafasi ameacha kuuza maandishi, anauza tumaini, na huyo hana haja ya kuchunguzwa zaidi.

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, kumezuka shaka mpya: je, kilicholipiwa kimeandikwa na mtu? Wauzaji hujibu kwa kuambatanisha ripoti yenye asilimia sifuri ya mashine. Ripoti hizo ni msingi dhaifu. OpenAI wenyewe waliiondoa programu yao ya kutambua maandishi ya mashine Julai 2023 kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walizijaribu programu 7 za aina hiyo kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu, zilidaiwa kuwa za mashine. Kwa mwandishi wa Goma anayefikiri kwa Kiswahili na Kifaransa kabla ya kuandika Kiingereza, hilo si jambo dogo: anaweza kushtakiwa kwa kosa ambalo hakulifanya, na muuzaji anaweza kusafishwa kwa karatasi isiyo na uzito.

Kilichobaki ni kuirudisha njia ya kibanda kadiri inavyowezekana. Kazi ikatwe vipande, na kila kipande kilipwe kikishaonekana. Masahihisho yaonekane ndani ya faili, mahali palipobadilishwa pawe na alama, ili mteja afuate maneno yake kama anavyoyafuata kwenye kioo cha mchapaji. Nakala za kitambulisho na kadi ya uanafunzi zisitumwe. Msahihishaji wa lugha hana kazi nazo. Na kabla ya yote hayo, jaribio la ukurasa mmoja, wenye mambo ya hapa.

Tuseme kile chama cha wauza sambaza kinataka kusahihishiwa Kiingereza cha ombi lake. Ukurasa wa kwanza unasema samaki hubebwa kwa chukudu hadi sokoni Birere, unataja bei ya rundo moja kwa faranga, na unasema kazi ni ngumu zaidi "wakati wa giza". Ukurasa unatumwa kwa wauzaji wawili, na kila mmoja analipwa kwa ukurasa huo tu. Wa kwanza anarudisha baada ya dakika 10: Kiingereza kinang'aa, chukudu, kile chombo cha mbao kilichojengewa sanamu katikati ya Goma, kimekuwa pikipiki, bei imekuwa ya dola bila hesabu yoyote, na giza limekuwa vita. Wa pili anakawia hadi jioni, na ukurasa unarudi ukiwa na sentensi tatu ambazo hazijaguswa. Pembeni ya kila moja kuna swali. Chukudu ni chombo cha namna gani, na hubeba mzigo kiasi gani? Hii bei ni ya faranga za Kongo au za Rwanda, na ni ya mwezi gani? Giza mnalolisema ni usiku, ni kukatika kwa umeme, au ni siku zile wavuvi hawaingii ziwani?